Tungule za Karafuu Maiti

Siku yangu ya mwanzo kazini nilirudi nyumbani Kiembe Samaki nikinuka makonyo, na mama akanizuia mlangoni. Makonyo ni vile vijiti vinavyobaki karafuu yenyewe ikishachambuliwa. Kutwa nzima nilikuwa nayashindilia ndani ya pipa la chuma, na harufu ilikuwa imeniingia mpaka kwenye nywele. "Weye umekwenda kusomea kilimo au umekwenda kugeuka karafuu?" mama akaniuliza. Nikacheka. Siku zile nilikuwa mtu wa kucheka. Leo mkiniuliza habari za kazi ile damu inanichemka, na nnawaambia mapema, ili asiyetaka kumsikia bibi mzima akifoka aondoke sasa hivi.

Kituo kilikuwa nje ya mji, katikati ya mikarafuu na midalasini. Jina lake nnaliacha, maana waliomo leo hawana kosa. Mkuu wa Kituo alikuwa bwana mfupi, mpole, kofia yake ya viua haimtoki kichwani hata kwenye joto la mtambo. Aliniita mbele ya lile pipa akaniambia, "Bibi, hapa hatupiki, hapa tunakeneka. Mpishi anataka kilichobaki chunguni. Sie twataka kilichokimbia."

Na ndiyo kazi yenyewe. Unajaza majani kwenye pipa, unapitisha mvuke wa maji kutokea chini, mvuke unapanda na harufu ya jani, unaingia kwenye mrija uliozamishwa ndani ya maji ya baridi, unapoa, unadondoka chupani. Humo chupani mafuta yanajitenga na maji. Ya mchaichai na ya kivumbasi, lile jani la kufukuzia mbu, huelea juu. Ya karafuu ni mazito, huzama chini, na mgeni asiyejua humwaga mafuta akaweka maji. Msiyafananishe na mafuta ya nazi. Ya nazi ukiyadondosha kwenye karatasi yanaacha doa mpaka kiama. Haya yetu yanapanda hewani, na jioni karatasi imekauka kama hapajatokea kitu.

Wakati ule tukiwauzia watengeneza sabuni na manukato. Habari ya viwavi ilikuja yenyewe. Mabaki ya kivumbasi tulikuwa tunayatupa kando ya kitalu cha kabeji, na Mkuu wa Kituo akaona kwamba kabeji za upande ule ni nzima, za upande wa pili zimetobolewa kama chekeche. Akaniita. "Hebu tazama, Bibi. Hawa wadudu wanatuambia kitu, na sie tumeshughulika na sabuni." Akanikabidhi kazi ya kulichunguza jambo hilo, na nikaifanya kwa moyo wangu wote.

Tuliyoyaona ni haya. Nondo, yule mdudu wa usiku anayetaga mayai yanayotoa viwavi, hapendi harufu ya kivumbasi, hatui. Kiwavi mchanga akiguswa na mafuta yenyewe hufa. Kiwavi aliyekwisha kunenepa hajali, anaendelea na chakula chake, kwa hiyo ukichelewa umechelewa. Mafuta hayachanganyiki na maji mpaka uyeyushe sabuni kidogo ndani yake. Ukizidisha mafuta, jani linaungua. Ukipulizia mchana, jua linayachukua kabla kiwavi hajayaonja. Basi unapulizia jioni, kidogo kidogo, na unarudia kila baada ya siku chache, na mvua ikinyesha unaanza upya. Si muujiza. Ni kazi, na anayekuambia kuna dawa ya mimea isiyohitaji kazi anakudanganya.

Baadaye nikahamishiwa Wilaya ya Kati kuwa bibi shamba, nikakaa chini ya Bwana Shamba wa Wilaya, mtu wa sauti kubwa na pikipiki kubwa zaidi. Alipoziona chupa zangu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Bibi, mkulima anataka kuona mzoga," akaniambia. "Kiwavi kakimbia, kenda wapi? Kesho karudi. Mpe mtu dawa ya dukani, aone viwavi wamelala chali, atakuombea dua."

Na kweli waliomba dua. Nimeyaona kwa macho yangu mawili. Nimemwona mtu mzima anachanganya sumu kwa mkono mtupu, mkono umezama mpaka kiwiko, kisha anaionja kwa ncha ya ulimi kujua kama imekolea. Nimeona sumu imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina maandishi wala alama, imewekwa dirishani pamoja na chumvi na viberiti. Nimemwona mtu anapulizia tungule, nyanya kama wasemavyo wa bara, alasiri na asubuhi anazichuma kwenda sokoni. Na tukiiita dawa! Mtoto akiumwa homa tunampa dawa, na hii inayowaangusha kuku uani nayo dawa. Nikisema, naambiwa nimezoea makonyo, nimekuwa mtu wa mitishamba. Bwana Shamba wa Wilaya alikuwa na jibu moja tu kwa kila neno langu: "Wakulima wanaitaka."

Kutoka hapo nikapelekwa kusini, Muyuni, na huko ndiko nilikokutana na Bi Miza.

Bi Miza alikuwa mjane, mwembamba, mkali wa maneno, na alilima tungule na pilipili kwenye vijishimo vya udongo katikati ya mawe, kama wanavyolima watu wa huko. Shamba lile lilikuwa ndilo mume, ndilo mshahara, ndilo kila kitu. Siku nilipofika nilimkuta ameketi mbele ya tungule zilizoingiwa na viwavi, kila moja ina tundu, na ndani yake kiwavi amejilaza kama mwenye nyumba.

"Shikamoo, Bi Miza. Mie ndiye bibi shamba mpya."

"Marahaba. Kama umekuja na bomba, rudi nalo."

Bomba ni lile tangi la kupulizia linalobebwa mgongoni. Nikamuuliza lina nini. Akageuka, akateremsha kanga begani, akanionyesha. Mgongo mzima umebabuka, ngozi imekufa na kuota upya, rangi haifanani na rangi yake. Bomba lilikuwa limevuja, na yeye hakujua mpaka alipoanguka. Alikaa hospitali akitetemeka na kutokwa na mate, na daktari akamwambia wazi kwamba akiigusa tena sumu ile hatoamka. "Basi nfanyeje?" akaniuliza. "Nkipulizia nakufa. Nsipopulizia wananilia shamba, na nakufa vilevile, ila polepole."

Hapo ndipo kazi yangu ilipopata maana. Nilirudi kituoni, nikamweleza Mkuu wa Kituo, naye akaniwashia mtambo siku ileile. Tukampa Bi Miza mafuta ya kivumbasi na bomba jipya lisilovuja. Akapulizia jioni kama nilivyomwelekeza, akalalamika kila siku kwamba namtumikisha, na hakuacha hata siku moja. Msimu ule tungule zake zilitoka nyekundu, ngumu, safi. Zilikuwamo zenye matundu, sisemi hazikuwamo. Lakini pakacha kwa pakacha zilikwenda soko la Darajani, na dalali wa mboga akawa anamuulizia kwa jina. Majirani wakaanza kuja kuchungulia. Akina mama wa Muyuni wakaniita, wakataka na wao, nikawagawia chupa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, nnakiri.

Kisha habari ikafika mjini, na Bwana Mkurugenzi, mkubwa wetu sote wa kilimo, akaamua kuja mwenyewe kuizindua dawa.

Nimtendee haki. Bwana Mkurugenzi alikuwa mtu safi. Hakula rushwa, hakuchelewa kazini, alisoma sana na alikipenda Kiswahili kuliko chakula. Alikuwa hataki kusikia neno la kigeni kwenye hotuba. Kila istilahi ya sayansi lazima aitafutie neno letu wenyewe, na akilipata hulitembeza kama mtu aliyeoa juzi. Basi alikuwa amesoma taarifa zetu, akaona kwamba ndani ya kivumbasi chetu kile mna kitu kinachoitwa kafuri, nacho ndicho hasa kinachomkera mdudu. Nilimsihi kabla hatujapanda jukwaani aseme kivumbasi tu, yatosha. Akaniambia kivumbasi ni mmea, yeye anazungumzia kiambato. Basi sema kafuri. Kafuri, akasema, ni Kiarabu. Sie tunalo neno letu.

Akasimama mbele ya Muyuni nzima, na madalali wa Darajani wamealikwa, wamekaa mstari wa mbele, akasema kwa sauti nzuri kabisa: "Mabibi na mabwana, kinachomfukuza mdudu ndani ya dawa hii ni karafuu maiti."

Madalali wa mstari wa mbele wakatazamana.

Nyinyi wasomaji wa Unguja hamhitaji kuelezwa, lakini huenda akasoma mtu wa mbali. Karafuu maiti ndiyo anayotiwa maiti akishakoshwa, kabla ya kuvishwa sanda. Harufu yake kila mmoja wetu anaijua, na kila mmoja wetu anamjua aliyemuacha nayo. Watu hawaiti jina lake mbele ya chakula.

Mzee mmoja akanyosha mkono. "Samahani, Bwana Mkubwa. Karafuu maiti gani? Hii ya kukoshea maiti?"

"Hiyohiyo, mzee," akajibu, ameridhika na nafsi yake. "Ni kitu kilekile."

Nikaruka kwenye kiti. "Wazee wangu, mama zangu, ni kivumbasi tu! Kile mnachokiweka mvunguni kufukuza mbu!" Bwana Mkurugenzi akanigeukia mbele za watu, akaniambia kwa upole ulioniuma zaidi ya ukali, "Bibi, tusiwafiche wananchi ukweli." Nikakaa. Nyuma yangu nikasikia mwanamke anasema, "Astaghfirullah, na mie nshapika nazo."

Kabla ya jua kuchwa neno lilikuwa limefika mjini. Kesho yake Bi Miza alipeleka mapakacha yake Darajani, na dalali yuleyule aliyekuwa akimuulizia kwa jina akayasogeza kwa mguu. Kwa mguu! "Bi Miza, nisamehe, hizi tungule za karafuu maiti sinadi mie. Watu watanikimbia." Tungule zikarudi Muyuni, zikaoza. Akina mama walioniita wakazirudisha chupa zangu, wameziweka kwenye mfuko mweusi, hawataki hata kuzishika. Na mapema jioni nikawasikia wanayajaza mabomba yao sumu ya dukani, ile yenye picha ya fuvu la mtu kwenye chupa. Fuvu halikuwatisha! Sumu tumeiita dawa, na jani la mvunguni tumeliita maiti, na kila mtu akafuata jina.

Nikapanda mjini. Ofisi ya Bwana Mkurugenzi ilikuwa ghorofani, Mji Mkongwe, ngazi zake zinamchosha mtu, nami nilizipanda bila kuzihisi.

"Bwana Mkurugenzi, sikuombi useme uwongo," nikamwambia. "Nakuomba urudi Muyuni ukaseme neno jengine."

"Neno ni sahihi, Bibi."

"Chungwa lina tindikali. Neno sahihi. Mbona hakuna anayepita Darajani akinadi tindikali?"

Akavua miwani, akaifuta. "Kafuri ni neno la kuazima. Nchi iliyozaa Kiswahili sanifu haiwezi kwenda kuazima."

Hapo nilisahau cheo changu. "Na karafuu, bwana? Na maiti? Hayo umeyaona yameota Unguja? Yote mawili yamekuja kwa njia ileile iliyokuja kafuri! Umemuua Bi Miza kwa neno ambalo hata si lako!"

Akasema nimepandwa na hasira, niende nikapumzike. Akasema taarifa imeshaandikwa, imeshapita, haiwezi kurudishwa kwa sababu ya kihemko. Sababu ya kihemko! Mwanamke mgongo umebabuka, tungule zinaoza, na mie nina hemko. Nikashuka mpaka Forodhani, nikakaa nimefura, na muuza maji ya miwa akaniletea gilasi bila ya kumuagiza, bila shaka uso wangu ulimtisha.

Bi Miza yeye hakwenda kwa mkurugenzi. Alikwenda sokoni. Nilikuwa naye, nimembebea pakacha moja. Akasimama mbele ya dalali wakati watu wamejaa, akachagua tungule kubwa, akaila yote, mbegu zinamchuruzika kidevuni, akachukua ya pili akaila. Watu wakakusanyika.

"Haya, na ntazameni vizuri," akasema. "Nkidondoka hapa, mnizike. Wala msihangaike kuninunulia karafuu maiti, yangu nshaila!"

Soko likaangua kicheko. Dalali naye akacheka mpaka machozi, na mtu akicheka namna ile hawezi tena kusogeza pakacha kwa mguu. Akanadi. Tungule za Bi Miza zikenda, na tangu siku ile hakuwahi kurudi nazo.

Laiti ningelimalizia hapo. Mzee mwenzangu mmoja kaniambia nimalizie hapo, pazuri, pana kicheko. Siwezi. Yule ni Bi Miza peke yake, kwa ulimi wake mwenyewe. Wengine hawakuwa na ulimi ule, wakabaki na sumu. Na mwisho wa mwaka Bwana Mkurugenzi akaandika kwamba wakulima hawakuipokea dawa ya mimea, kwa hiyo mtambo ufungwe. Wakulima hawakuipokea! Walikataa neno, bwana, dawa walikuwa wameshaipokea na kuililia! Mtambo ukavunjwa. Pipa likachukuliwa na fundi mmoja kuwekea maji ya ujenzi. Mkuu wa Kituo, na kofia yake ya viua, akanipa masanduku ya chupa za mafuta zilizosalia. "Zichukue kabla hawajazimwaga," akaniambia, na akaondoka bila kunitazama. Mafuta haya ukiyafunga vizuri kwenye chupa ya giza, pahala pa baridi, yanakaa. Nikampelekea Bi Miza, yeye peke yake, maana ndiye aliyekuwa hana njia nyengine, na chupa zisingewatosha wawili.

Nimestaafu sasa. Siku ya kuniaga ofisi iliandaa biriani, na wakuu wakasema maneno mazuri, na mabibi shamba na mabwana shamba wapya wakaja kunipa mkono. Nikamuuliza mmoja wao, binti mwenye shahada, kama anajua kukeneka. Akadhani nimesema kukereketa. Sikumlaumu. Nani alimuonyesha? Nimejaribu jikoni kwangu kwa sufuria na mrija, napata matone ya kunusa, hayatoshi mche mmoja wa tungule. Kuchemsha majani nako tulikujaribu zamani, maji yake hayafiki nusu ya nguvu. Kazi hii inataka mtambo, na mtambo unataka mtu mwenye kalamu. Basi nawaambia nyinyi mnaoingia ofisini leo: mtakapokwenda kwa mkulima, sikilizeni kwanza neno lenu linavyosikika jikoni kwake. Si kwenye karatasi zenu, jikoni kwake. Na likiharibu, rudini mkalifute kwa midomo yenu wenyewe, hata mkiona haya. Haya haiui mtu.

Mwezi uliopita nilikwenda Muyuni kumtazama Bi Miza. Amezeeka, lakini jioni bado anapulizia, na pande zote za shamba lake majirani wanapulizia sumu za kwao, na yeye anajifunga kanga puani mpaka upepo utulie. Tumekaa barazani, gari la serikali likasimama. Akashuka dereva, mtu mzima mwenye adabu zake, mkononi ana kikapu.

"Shikamoo, Bi Miza."

"Marahaba. Za mjini?"

"Salama. Bwana kanituma zile tungule zake. Anasema za sokoni mwili wake hauzikubali."

Nikamuuliza bwana gani. Akamtaja. Bwana Mkurugenzi! Nilisimama, kwa magoti yangu haya nilisimama. "Tangu lini?"

"Zamani, Bibi," dereva akasema. "Tangu wakati wa mtambo. Kwao hawali nyengine."

Lahaula! Alizijua! Aliufunga mtambo na tungule za Bi Miza ziko mezani kwake, ameshazila, amewalisha wanawe, anajua fika zilivyo. Nikamgeukia Bi Miza. "Na weye ulijua zinakokwenda?"

"Nlijua," akasema. "Watoto wake wana kosa gani?"

Nilitoa maneno ambayo sitayaandika. Bi Miza aliniacha niseme mpaka nikachoka. Akaingia shambani, akachuma, akarudi na kikapu kimejaa, tungule nzuri kupita zote, akamkabidhi dereva mikononi kwa heshima. Halafu akaingia ndani akatoka na chupa ya mwisho niliyompa, akaipindua mbele yake. Haikudondoka kitu.

"Mpe salamu zangu," akamwambia. "Mwambie hizi ndizo za mwisho. Mafuta yamekwisha, na sumu siwezi kuigusa, kwa hiyo shamba nnaliacha. Mwambie mwakani ale tunachokula sote."